Mwaka Niliolinda Baridi

Nilimwona Pendo kabla yeye hajaniona. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa wanawake, viatu mkononi, akitafuta pa kukaa kati ya waliojipanga kando ya kuta wakisoma Kurani kimyakimya, na nilimjua kwa namna anavyoinamisha bega moja kama mtu aliyebeba ndoo. Bi Rayya alikuwa amezikwa jana yake. Pendo ni Mkristo, hakujua katika matanga kama yale mtu akifika aseme nini, basi akasema alichokijua: "Poleni sana, jamani. Poleni." Alipofika kwangu tulikumbatiana muda mrefu, kisha akaninong'oneza, "Dada Zuhura, kile chumba bado kipo?" Nikamwambia kilivunjwa zamani, sasa pale panaegeshwa gari. Akatikisa kichwa, akaketi ubavuni mwangu. Mtu mwingine angeuliza maradhi yalimwanzaje marehemu, angeuliza siku zake za mwisho. Sisi wawili tuliulizana chumba, kwa sababu kila mmoja wetu, popote alipo, umeme ukikatika hurudi mle ndani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoanza kazi katika nyumba ya Bi Rayya, mtaa wa Azaiba, mjini Maskati. Ya kwetu siyaelezi. Hayana la ajabu wala hayahusiani na yaliyonipata mwaka ule. Bi Rayya alikuwa bingwa wa mimea, mwanamke mrefu wa makamo, mwenye sauti ndogo iliyokulazimisha usogee ndiyo umsikie. Asubuhi alifundisha chuoni, na mchana alifanya utafiti wake uani kwake, maana chuoni hakupewa nafasi. Fundi mmoja wa Wadi Kabir, aliyezoea kuwajengea wauza samaki vyumba vya baridi, alimjengea vyumba viwili vya kuta nene za bati, kila kimoja na mlango mzito, kidirisha cha kioo, taa kali na rafu za vyungu vya miche. Ilikuwa miche ya mti unaoota juu kabisa ya milima iliyo nyuma ya Maskati, kule ambako msimu wa baridi maji huganda kwenye ndoo. Ni mti wa nchi za baridi uliosalia juu ya mawe yetu tangu zama ambazo pande hizi hazikuwa na joto kama sasa. Wenyeji wa mlimani wana jina lao kwa Kiarabu, lakini mimi sikuwa na jina la kuutaja kwa Kiswahili mpaka Pendo, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile, alipofikicha jani lake, akanusa, akacheka: "Si mtarakwa huu? Kwetu Lushoto tunao." Tangu siku hiyo sote tukauita mtarakwa, hata Bi Rayya.

Chumba cha kwanza kilipewa baridi ya mlimani kama ilivyo. Cha pili kilipewa hewa ile ile, ikazidishwa joto kidogo, kiasi ambacho Bi Rayya alisema ndicho dunia inachokiendea. Kile cha kwanza alikiita Leo, cha pili Kesho, na aliyaandika majina hayo kwa chaki juu ya milango, bila ya mzaha wowote. Miche ya vyumba vyote viwili ilitoka kwenye mbegu za miti ile ile, ikanyweshwa maji sawa, ikamulikwa mwanga sawa. Kazi yangu ilikuwa kuipima urefu, kuitazama rangi, na juu ya yote kuilinda baridi ya Leo isitoke. "Ukiingia, ingia mara moja, funga," aliniambia siku ya kwanza, akinivika ufunguo shingoni. "Leo ikiharibika, Kesho haina maana. Hatutokuwa na cha kulinganisha nacho." Nilicheka kidogo nikidhani ananitania. Hakucheka.

Nikiukumbuka mwaka ule, kwanza nakumbuka jiko. Chakula cha mchana tulikila huko, wanawake wanne mezani: Bi Rayya, Pendo, mimi, na Bibi Shemsa, mama yake Bi Rayya, aliyezaliwa Unguja na aliyekuwa keshapindukia miaka themanini. Bibi alikaa kwenye kiti chenye mito, mgongo kwenye kiyoyozi, akimsahihisha Pendo mapishi. "Nazi haichemshwi hivyo, mwanangu, itakatika." Pendo naye akijibu, "Bibi, kwetu tunachemsha na watu wanakula wanashiba," na Bibi akicheka mpaka akikohoa. Tulikula wali na mchuzi wa nguru, na siku Pendo alizokumbuka kwao alipika makande, na Bibi akalalamika kisha akaomba aongezwe. "Rayya kaiwekea miti baridi nzuri kuliko yangu," alipenda kusema. "Nnataka na mimi nipandwe kwenye chungu." Kila mara tulicheka. Chumba cha jiko kilinukia hiliki na samaki, kiyoyozi kilinguruma, na ilikuwa rahisi kusahau kwamba nje, nyuma ya kidirisha cha jiko, kulikuwa na jua ambalo hakuna aliyeingia ndani yake ila kwa dharura.

Miche ya Kesho haikufa kwa kishindo. Mnamo mwezi wa tatu niliona ncha chache zimepoteza kijani chake, zimekuwa na rangi ya kitani. Mwezi wa nne zikazidi. Bi Rayya alizitazama akatuambia mezani, huku akitoa miba ya samaki, kwamba mti ukisikia joto hufunga vitundu vya majani yake ili maji yasitoke. "Lakini vitundu hivyo hivyo ndivyo unavyolia chakula," alisema. "Ukivifunga, una njaa. Ukivifungua, una kiu." Pendo akaacha kula. "Sasa unafanyaje?" Bi Rayya akasema, "Haufanyi. Unakula akiba yake, siku baada ya siku, na mtu akipita anauona bado uko kijani, anasema mzima." Hofu yangu ilianza hapo, si siku ile ya kukatika umeme kama watu wanavyodhani nikiwahadithia. Ilianza mezani, na wali ukiwa bado moto.

Kisha akaleta chombo cha kusikilizia. Kilikuwa kama kifungo kidogo kinachobanwa kwenye shina, na waya wake ukaenda kwenye spika. Alieleza kwamba ndani ya mti maji yamepanda kutoka mizizini hadi kwenye jani kama nyuzi zilizovutwa, na kiu ikizidi uzi mmoja hukatika, hewa ikaingia, na mfereji ule haupitishi maji tena. Hukatika kwa mlio ambao sikio la mtu halisikii, lakini chombo kinausikia. Tulikuwa tumesimama ndani ya Kesho, mimi na yeye, Pendo kashika mlango. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha, tk. Kimya. Tk. Halafu miwili pamoja, kama mtu anayevunja njiti za kiberiti kwenye chumba cha jirani. Nilitazama ule mche. Haukutikisika. Ulikuwa mzuri, umesimama wima kwenye chungu chake, na ndani yake nyuzi zilikuwa zikikatika moja moja. "Zima, madam," Pendo alisema kutoka mlangoni. "Unalia huo." Bi Rayya hakugeuka. "Haulii," alisema. "Mti hauna wa kumlilia." Lakini alizima.

Tangu siku hiyo nilianza kuisikia milio ile kila mahali. Nilipopita Qurum na kuiona miti iliyopangwa kando ya majumba makubwa, inanyweshwa na mipira alfajiri mpaka magharibi, nilijiuliza ndani yake panasikika nini. Nikimtazama Bibi amesinzia kwenye kiti chake, mdomo wazi kidogo, nilisogea kusikiliza pumzi. Sasa nimekuwa mtu mzima, nimeshazika niliowapenda, na najua kwamba hofu ya aina ile huwapata watu wengi na kila mmoja hudhani ni yake peke yake. Wakati ule sikumwambia mtu. Nilifanya kazi, nilipima, nilifunga mlango haraka, na kila asubuhi nililivuta pazia nikaiona mbingu nyeupe kama bati.

Umeme ulikatika mwezi wa saba, adhuhuri. Bi Rayya alikuwa amekwenda Qurum kwenye mkutano. Kiyoyozi cha jikoni kilinguruma mara ya mwisho kikanyamaza, na papo hapo uani jenereta ikajiwasha yenyewe. Ilikuwa ndogo, imefungwa kwa ajili ya vyumba vile viwili tu, nyumba haikuhusika. Tulingoja, kama watu wanavyongoja, tukisema utarudi sasa hivi. Haukurudi. Mtaa mzima ulikuwa kimya, majirani wa kulia na wa kushoto walishakwenda Salala kukimbia joto, mageti yao yamefungwa kwa minyororo. Joto la Azaiba lina maji ndani yake, linakukalia kama blanketi lililoloweshwa. Tulimvua Bibi nguo nzito, tukampepea kwa sinia, tukampangusa. Maji ya bombani yalitoka ya moto kutoka kwenye tangi la juu ya paa. Barafu tuliyokuwa nayo iliyeyuka mikononi mwetu. Nilipiga simu ya dharura, laini ikasema imejaa. Nikapiga tena, imejaa. Wakati huo mimi sikujua kuendesha gari, na gari lenyewe halikuwepo.

Kisha Bibi akaacha kutoa jasho. Nilimgusa paji la uso, lilikuwa kavu na linaunguza. Alimtazama Pendo akamwita Zakia, na kumuuliza kwa nini kafungua mlango wa baharini na mvua inanyesha. Zakia alikuwa dada yake, aliyefia Unguja zamani sana. Pendo akanitazama. Nikapiga kwa Bi Rayya, na safari hiyo simu ikaita.

"Bi Rayya, umeme hakuna. Bibi hatoki jasho tena. Anamwita Pendo kwa jina la dada yake."

"Mmempangusa maji?"

"Maji yenyewe ya moto. Barafu imekwisha. Nataka nimtie ndani ya Leo, ndiko kwenye baridi zaidi."

Nilisikia honi za magari, nyingi, na mtu anapiga kelele kwa Kiarabu. Nilidhani simu imekatika, nikaita jina lake. Ndipo ile sauti ndogo ikasema, "Ngoja kwanza, Zuhura. Nipo njiani. Taa za barabarani zote zimezimika huku, magari hayendi. Ngoja nifike." Na hapo simu ikakatika kweli.

Nimesikia maishani mambo ya kutisha zaidi kuliko neno hilo, ngoja. Lakini sijasikia lililonitisha kama lile, kwa sababu nilimjua aliyelisema. Alikuwa akimkata mama yake kucha kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa hali kabla mama yake hajala. Na bado, nilipomwambia mlango gani nataka kuufungua, kitu ndani yake kilisimama.

"Kasemaje madam?" Pendo aliuliza.

"Kasema tungoje."

"Tungoje nini?" Sauti yake ilipanda ikavunjika. "Dada, bibi huyu akinifia mikononi, nani ataniamini mimi? Watasema nilimwacha. Mimi hapa sina mtu. Sina mtu, dada!"

Sikuwa shujaa. Nilikuwa na hofu ya Bi Rayya na hofu ya kifo, na hofu ya kifo ilikuwa karibu zaidi, imelala mbele yangu kwenye zulia. Tulimlaza Bibi juu ya shuka, tukashika ncha, tukambeba kupita uani. Pendo alikuwa pekupeku; alitembea juu ya vigae vile vya moto bila kusema hata ah. Nilivua ufunguo shingoni, nikausukuma ule mlango mzito, na baridi ikatujia usoni kama mtu aliyefungiwa siku nyingi.

Tulimlaza chini, kati ya rafu, kichwa chake mapajani mwa Pendo. Mle ndani mlinukia utomvu wa mitarakwa, harufu safi inayochoma puani. Tulimlowesha kwa maji ya kunyweshea miche, ambayo yalikuwa baridi kweli, shingoni, kwapani, nyayoni. Ukutani palikuwa na kipimo cha joto chenye sindano nyekundu, na nilijizuia nisikitazame, nikashindwa. Watu watatu tuna moto mwingi miilini mwetu. Sindano ilipanda. Jenereta nje ilianza kukohoa, ikishusha sauti na kuipandisha, na nikaelewa kwamba haitobeba vyumba vyote viwili mpaka jioni. Nikatoka mbio, nikaufikia ubao wa swichi uliokuwa kati ya milango, nikazima Kesho. Jenereta ikapumua. Niliporudi ndani nilijua kwamba nyuma ya ukuta, kwenye chumba nilichokizima, miche ile iliyokuwa ikikatika taratibu sasa inapikwa. Sikuwa na chombo cha kuisikiliza. Nilimshika Bibi mkono.

Baada ya muda, Bibi akafumbua macho akayazungusha kwenye rafu, vyungu, taa. "Hapa wapi?" aliuliza.

"Kwa miti, Bibi," Pendo akasema, huku anatetemeka meno. "Kwa miti ya madam."

"Pananukia vizuri," Bibi alisema. "Nipeni shali. Nnahisi baridi." Pendo akaanza kulia kwa nguvu, mdomo wazi, kama mtoto.

Bi Rayya alifika kwa miguu. Alikuwa ameliacha gari katikati ya barabara kuu, akatembea juani, buibui limemganda mwilini, uso mwekundu. Alisukuma mlango akasimama. Alikitazama kipimo ukutani kabla hajamtazama mama yake. Mimi niliona, na Pendo aliona. Sindano ilikuwa imefika pale pale ambapo siku zote ilikaa ile ya chumba cha pili. Kisha akaketi sakafuni na buibui lake, akaushika mguu wa mama yake akauweka kifuani.

"Funga mlango," aliniambia. "Baridi inatoka."

Umeme ulirudi jua likikaribia kutua. Bibi alilazwa hospitali, akarudi nyumbani amepungua, lakini akili yake ni ile ile na malalamiko ya nazi ni yale yale. Miche ya Kesho yote ilikuwa imekufa. Ya Leo ilikuwa hai, lakini kwa kazi ya Bi Rayya ilikuwa kama haipo, kwani haikuwezekana tena kusema imekua katika baridi ya mlimani, na hapakuwa na ya kuilinganisha nayo. Siku nyingi Bi Rayya hakusema nami ila salamu. Nilirudi kila asubuhi nikingoja kuambiwa khalas, basi, nenda kwenu. Nilinywesha miche isiyokuwa na kazi.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni namsaidia Pendo kuchambua mchele, na mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa wazi. Tukasikia sauti ya Bi Rayya, na safari hii haikuwa ndogo. "Mama, siku ile Zuhura alinipigia. Nilimwambia angoje."

"Nnajua."

"Nani kakwambia?"

"Nilisikia. Nilikuwa mgonjwa, sikuwa kiziwi."

Pendo akaacha mkono wake ndani ya mchele. "Nilikuwa nnaifikiria miche, mama," Bi Rayya alisema. "Wallahi, kitambo kidogo tu, nilikuwa nnaifikiria miche. Kazi ya miaka. Nilisema moyoni, pengine atahimili."

"Na nilihimili," Bibi akasema. "Lakini si kwa kungoja. Yule mtoto umemwambia ahsante?" Tulisikia Bi Rayya analia, kilio cha mtu asiyezoea. Bibi alimwacha alie. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kidogo, "Haya, basi. Nitilie chai, na usinitilie sukari ya kuhesabu." Bi Rayya alipoingia jikoni kuchukua birika, macho yamevimba, alisimama mbele yangu akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu. Hakusema ahsante. Alisema, "Baridi ikiingia tutaipandisha mlimani. Miche."

Tulikwenda mwezi wa kwanza, mimi, Bi Rayya na Pendo, gari limejaa vyungu, na Pendo kavaa nguo zake zote moja juu ya nyingine. Njia inapanda mpaka masikio yanaziba. Chini, pale msitu unapoanza, niliona miti niliyoitunza mwaka mzima ikiwa katika ukubwa wake, na nusu yake ilikuwa imekufa imesimama. Mashina yalikuwa meupe, yamejikunja kama nguo iliyokamuliwa, bila ya jani. Iliyo hai ilikuwa imekauka vileleni. Nilitafuta miche midogo chini yake, nikazunguka mti baada ya mti, sikuona hata mmoja. Pendo alijifunika mdomo kwa kanga. "Kama makaburi," alisema. Bi Rayya alisema kule juu bado ni mizima, na kwamba msitu ungekuwa na muda ungepanda wenyewe, ndege hula mbegu wakazipeleka juu. Lakini ndege hawaendi haraka kama joto linavyokwenda.

Tukapanda zaidi, tukaipita mitarakwa ya kijani, minene, yenye harufu niliyoijua, mpaka tukaupita mti wa mwisho kabisa. Hapo tukaanza kuchimba, kwenye mifuko ya udongo kati ya mawe, mahali ambapo hapajawahi kuota mtarakwa. Upepo ulikuwa mkali, vidole havikunjiki. Nilinyanyua uso kutazama juu yetu. Palikuwa na mteremko mfupi wa mawe, ambao mtu angeumaliza bila kupumzika, kisha mbingu.

"Bi Rayya," nilisema, "na hapa pakija pakawa joto?"

Hakunyanyua kichwa. Alikuwa amepiga magoti, mikono yake ndani ya shimo. "Hapana mahali pengine," alisema. "Hapa ndipo juu." Akatoa jiwe shimoni. "Nnaogopa, Zuhura. Nikiamka nnaogopa, nikila nnaogopa. Wewe?"

"Mimi pia."

"Haya," alisema. "Ushike huo usimame wima."

Niliushika mche kwa mikono miwili, naye akashindilia udongo kuuzunguka, akaomba maji, na Pendo akayamimina polepole mpaka udongo ukakataa kunywa. Kisha tukasogea kwenye shimo la pili.